Sanduku la dawa la Livingstone na jiwe la Mugere

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Ukitoka katikati ya Bujumbura kwa barabara ya kusini iendayo Rumonge, ziwa likiwa mkono wako wa kulia na milima mkono wa kushoto, baada ya kilomita kumi na kidogo utafika Mugere. Pale juu ya mteremko kuna jiwe kubwa ambalo kila mgeni anayekuja Burundi hupelekwa kupigwa nalo picha. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871.

Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta Dk. David Livingstone aliyekuwa amepotea machoni pa Ulaya. Sivyo. Walikutana Ujiji, ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kigoma wa leo nchini Tanzania, majuma machache kabla ya tarehe iliyochongwa. Ubishi huu ni wa zamani kati ya majirani, na kwa kweli Kigoma ina haki yake. Lakini Mugere ina habari yake yenyewe, ambayo haihitaji kuazima ya Ujiji. Hapa mmoja wa hao wawili alikuwa kitandani akitetemeka kwa homa, na mwenzake alikuwa daktari aliyekwisha kuonja maana ya kukosa dawa kwa miaka karibu mitano.

Livingstone hukumbukwa kama mpelelezi, kama mmisionari, na kama mpinga biashara ya utumwa. Wachache humkumbuka kama mtu wa dawa. Hata hivyo ukizifuata safari zake kwa kulifuata sanduku lake la dawa, unapata maisha yake yote, na unapata pia mwanzo wa habari inayoihusu kanda yetu hadi leo: habari ya unga mweupe mchungu unaotolewa kwenye magome ya mti, uitwao kwinini.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini iliyoishi chumba kimoja ndani ya majengo ya kiwanda cha pamba. Alipotimiza miaka kumi aliingizwa kiwandani. Alifanya kazi kutwa, jioni akaenda shule, na pesa alizoweka akiba katika kusokota nyuzi zilimpeleka Glasgow mwaka 1836, akiwa na miaka 23, kusomea udaktari katika chuo cha Anderson.

Mwaka huo una maana yake. Miaka kumi na sita tu ilikuwa imepita tangu wanakemia wawili wa Paris, Pierre Joseph Pelletier na Joseph Caventou, wafanikiwe mwaka 1820 kutenga kwinini kutoka kwenye magome ya mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kabla ya hapo mgonjwa wa homa alipewa gome lililosagwa, alimeze kwa divai, kijiko baada ya kijiko, bila mtu yeyote kujua ndani ya kijiko kile kuna dawa kiasi gani. Gome moja lilikuwa na nguvu, jingine lilikuwa kuni tu. Wafanyabiashara nao walichanganya magome ya miti mingine, na mnunuzi hakuwa na njia ya kumbaini mwizi ila ulimi wake.

Ulimi hudanganya. Ndani ya gome la mkwinini mna alkaloidi nyingi, na nne kati yake ndizo kubwa: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Zote ni chungu. Alkaloidi ni jamii ya vitu ambavyo mimea huvitengeneza, vyenye naitrojeni ndani yake na vyenye tabia ya magadi, yaani huungana na tindikali na kuwa chumvi. Kafeini ya kahawa ya Ngozi na Kayanza ni mojawapo. Nikotini ya tumbaku ni nyingine. Mofini ya afyuni pia. Tabia hiyo moja ndiyo inayowawezesha watu kuzitoa kwenye mmea. Gome hukaushwa, husagwa, huchanganywa na chokaa. Chokaa huifungua alkaloidi kutoka katika asidi zilizoishika ndani ya gome, nayo ikiwa huru huyeyuka katika mafuta au pombe lakini si katika maji. Mafuta hayo yakishachujwa, hutikiswa pamoja na maji yenye tindikali kidogo ya salfa. Hapo alkaloidi huhama: hugeuka chumvi, huacha mafuta na kuingia majini. Maji yakipunguzwa ukali na kuachwa yapoe, kwinini hujikusanya chini kama sindano ndogo nyeupe za salfeti, na nyingi ya zile ndugu zake tatu hubaki kwenye maji.

Ili kujua kama ulichopata ni kwinini kweli, ipo njia hata ya mtu asiye na maabara kubwa. Iyeyushe katika maji yenye tindikali ya salfa kisha iweke juani: kimiminika kitatoa mng'ao wa buluu. Mwanasayansi John Herschel aliueleza mng'ao huo mwaka 1845. Sinkonini na sinkonidini hazing'ai hivyo.

Mwalimu wa kemia wa Livingstone huko Glasgow alikuwa Thomas Graham, mmoja wa wanakemia wakubwa wa karne ile, na msaidizi wa Graham alikuwa kijana James Young. Young na Livingstone wakawa marafiki wa maisha. Young ndiye aliyekuja kutajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa kutoka kwenye makaa ya mawe, na ndiye aliyetoa pauni 1,000 za kumpeleka rafiki yake safari ya mwisho. Baadaye mafuta ya taa yalikuja kutumika katika viwanda vya India kutolea kwinini kwenye magome. Wakati ule darasani wote wawili hawakuwa na habari.

Mwezi Novemba 1840 alipata leseni ya udaktari, Desemba akapanda meli, na Machi 1841 akafika Rasi ya Tumaini Jema. Miaka ya kwanza kusini haina mengi kwa habari yetu. Alimwoa Mary Moffat mwaka 1845, wakahamahama katika nchi inayoitwa sasa Botswana. Homa ilianza kuwa jambo la nyumbani walipofika Ziwa Ngami. Mwaka 1850 watoto wake waliugua huko, na mtoto mchanga aliyezaliwa waliporudi hakuishi miezi miwili. Hapo ndipo alipoanza kuchanganya dawa yake mwenyewe.

Mchanganyiko huo ulikuwa na vitu vinne: utomvu wa mzizi wa jalapa na unga wa mzizi wa rubarbu, vyote vya kuharisha; kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki; na kwinini. Alivikanda kwa maji ya iliki na kufinyanga vidonge. Mgonjwa akishaendesha choo, alipewa kwinini peke yake hadi masikio yavume na kusikia kupungue. Ishara hiyo ya masikio ndiyo ilikuwa mizani yake, kwa kuwa hakukuwa na nyingine porini. Daktari wa leo angezitupa zile tatu za kwanza na kubaki na ya nne. Zebaki ni sumu, na kumharisha mtu aliyekwisha kukauka maji kwa homa ni kumwongezea mzigo. Kwinini ilifanya kazi, na wenzake watatu wakashiriki sifa. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilikuja kuviuza vidonge vya namna hiyo kwa jina la Livingstone alipokwisha kufa.

Hakuwa mtu wa kudharau dawa za wenyeji bila kuzijaribu, na hili linampa heshima. Mwaka 1853, akiwa Linyanti kwa Wamakololo na homa imempiga, alimwomba mganga wa huko amtibu, makusudi aone kama wanayo dawa ambayo Ulaya haikuijua. Akapigwa nyungu. Chungu cha mizizi inayochemka kiliwekwa chini yake, blanketi likafunikwa juu yao wote wawili, kisha akafukizwa kwa moshi wa vijiti vya miti mbalimbali. Hakupona kwa hayo, akahitimisha kwamba kwinini yake ni ya haraka zaidi. Sioni kosa katika hitimisho lile, ila natamani angechukua sampuli ya ile mizizi. Alikuwa mwanafunzi wa Graham. Alijua kwamba gome la Andes nalo lilikuwa dawa ya kienyeji kabla ya kuwa unga mweupe wa Paris.

Mwezi Novemba mwaka ule ule aliondoka Linyanti akaelekea Luanda kwenye pwani ya Atlantiki, akarudi, kisha akavuka hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi mwaka 1856. Homa ilimwangusha mara nyingi kuliko alivyopenda kuhesabu. Linyanti aliacha gari lake la kukokotwa na ng'ombe, na ndani ya gari sanduku la dawa. Tuliweke akilini sanduku hilo.

Uingereza ilimpokea kama shujaa. Kwa maneno yake vijana walijitolea kwenda umisionari, na mwaka 1860 kikundi kimoja kilifika Linyanti pamoja na wake na watoto. Katika majuma machache wengi wao, akiwamo kiongozi wao Holloway Helmore na mkewe, walikufa. Livingstone alipofika huko baadaye mwaka ule alilikuta gari lake palepale, limetunzwa na wenyeji kwa miaka saba, na sanduku la dawa ndani yake likiwa salama, mwendo mfupi tu kutoka mahali walipozikwa. Waliosalia walidhani wenzao walitiliwa sumu. Yeye alisema ni homa, na huenda alisema kweli, lakini aliyasema hayo kwa ukavu ambao jamaa za marehemu hawakuusahau. Huo ulikuwa udhaifu wake: aliyeshindwa na homa alimwona kama mtu aliyeshindwa na uvivu wa moyo.

Safari ya Zambezi, kuanzia 1858 hadi 1864, ilimfunza unyenyekevu kwa nguvu. Serikali ya Uingereza ilimpa meli, wasaidizi, na daktari kijana aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, John Kirk, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamjua zaidi kama balozi wa Uingereza Zanzibar. Mwanzoni kila Mzungu alipewa kwinini kila siku ndani ya divai, kwa kuwa mwaka 1854 meli ya Pleiad ilikuwa imepanda mto Niger kwa utaratibu huo bila kupoteza mtu kwa homa. Kwenye Zambezi haukufaulu. Kipimo kilikuwa kidogo mno, takriban miligramu 130 kwa siku, na kwinini haikai mwilini muda mrefu. Livingstone akaamua kwamba dawa ile huponya lakini haikingi. Aliandika pia kwamba mahali penye mbu wengi homa haikosekani, akaliacha jambo hilo hapo. Ilibaki hadi mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, huko India, aonyeshe vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Kirk naye alipata yake. Wawindaji wa nchi ile walipaka mishale sumu ya mmea uitwao kombe, naye akahifadhi kiasi kwa uchunguzi. Mswaki wake ulikaa pamoja na sumu ile, akapiga nao mswaki, akahisi uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yameshuka. Sampuli zilipelekwa Edinburgh kwa Thomas Fraser, na kutokana nazo ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo iliyotumika kwa miongo mingi. Wanakemia watanisahihisha wakidhani nimeiita alkaloidi: siyo, ni glikosidi, maana ina sukari ndani yake. Lakini njia ilikuwa ileile, ya kutoka kwenye chungu cha mwindaji hadi kwenye maabara. Wawindaji hawakuandikwa majina.

Mwezi Januari 1862 Askofu Charles Mackenzie, aliyekuja kwa mwito wa Livingstone, alikuwa akishuka mto Shire. Mtumbwi wake ukapinduka na dawa zote zikazama. Tarehe 31 ya mwezi huo akafa kwa homa kisiwani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Aprili, Mary Livingstone akafa huko Shupanga. Yeye dawa ilikuwapo na mumewe alikuwa pembeni yake, lakini alikuwa akitapika mfululizo na hakuna kilichokaa tumboni. Sindano ya kupitisha kwinini mshipani haikuwapo. Alizikwa chini ya mbuyu.

Aliporudi Afrika kwa mara ya mwisho alipitia Zanzibar, akateremka Mikindani mwezi Machi 1866 na kuufuata mto Ruvuma. Alitaka kuyajua maji yanayoanzisha mto Nile. Msafara ulikuwa mdogo na ukazidi kupungua kwa watoro. Wachache walibaki naye hadi mwisho, miongoni mwao Abdullah Susi na James Chuma.

Tarehe 20 Januari 1867, katika misitu ya nchi inayoitwa leo Zambia, lilitokea jambo ambalo naliona ndilo lililoamua maisha yake yaliyobaki. Kijana mwangalifu aliyekuwa akibeba sanduku la dawa alibadilishana mzigo siku ile na mpagazi mwingine, Myao, mmoja wa wawili ambao mwenendo wao ulikuwa mzuri kwa muda mrefu. Wayao hao wakaingia msituni wasionekane tena. Walikwenda na unga, vifaa, na sanduku. Mvua ikafuta nyayo. Livingstone aliandika kwamba alijiona kama amehukumiwa kifo, akamkumbuka Askofu Mackenzie. Lakini pia aliwatetea wezi wake: walikuwa wameuzwa utumwani wakiwa wadogo, na utumwa si shule ya uaminifu. Si kila msafiri wa zama zile angeandika hivyo siku aliyoibiwa uhai wake.

Tangu hapo aliishi kama walivyoishi watu wote wa nchi alizopita, yaani bila kwinini. Aprili ile alipofika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika homa ilimwangusha hadi akapoteza fahamu, na hakuwa na cha kumeza. Aliishi kwa hisani ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, akina Tippu Tip na Muhammad bin Gharib, watu wa biashara ile ile ya watumwa aliyoilaani. Jambo hilo lilimchoma, na wasomaji wake wa London hawakupenda kulifikiria sana. Mwanzoni mwa 1869, mapafu yakiwa yameugua, Muhammad bin Gharib aliamuru abebwe kwenye machela hadi ziwani.

Alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Alikuwa ameagiza shehena kutoka Zanzibar imsubiri hapo. Sehemu kubwa ilikuwa imeibwa, na dawa zake zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora, mwendo wa siku kumi na tatu. Kwa anayeandika habari za biashara ya kanda hii, sentensi hiyo haina ugeni. Malori ya dawa yamewahi kulala mpakani kwa ajili ya karatasi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza rasmi mwaka 2012 kuoanisha taratibu za kusajili dawa kati ya nchi wanachama, na Tume ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya ina makao yake hapa Bujumbura. Shehena ya Livingstone haikuwa na ushuru wa kulipa wala fomu ya kujaza. Ilikwama kwa sababu kila aliyeishika njiani alikuwa na shida zake, na mwenye mzigo alikuwa mbali.

Akaenda Manyema bila hizo dawa. Huko vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare miezi mingi mwaka 1870, akavitibu kwa unga wa jiwe la kijani lenye shaba, alilosugua kwa maji na kupaka kwa unyoya. Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wa soko, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na kuzama mtoni. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa mifupa, akakuta mtu aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote. Siku chache baadaye Stanley akaingia mjini na bendera, vyakula, na dawa.

Siku ya 16 Novemba wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini. Lengo lilikuwa kujibu swali moja: Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda Tanganyika ni sehemu ya Nile. Siku ya 25 wakafika kwa mtemi Mukamba, katika nchi waliyoiita Usige. Mji wa Bujumbura haukuwapo. Wajerumani waliweka kituo chao mwishoni mwa karne ile. Mukamba aliwakaribisha vizuri, akawaletea ng'ombe na pombe. Na hapo ndipo homa ilipomshika Stanley.

Kijana huyu alikuwa na miaka 30, mkali, mwenye kiburi, aliyekulia katika nyumba ya maskini huko Wales bila baba wala mama wa kumshika. Usiku ule, kati ya kuweweseka na kuzinduka, alimwona mzee akija kumgusa paji la uso na kumwuguza. Stanley aliandika mambo mengi ya kujikweza maishani mwake, na mwanahabari anayesoma vitabu vyake hujifunza kupunguza nusu. Sehemu hii mimi siipunguzi. Alipata nafuu, wakaendelea, na siku chache baadaye wakauona Ruzizi ukiingia ziwani kwa nguvu. Swali likajibiwa, si kwa jibu alilolitaka Livingstone.

Kama wangeupanda mto ule hadi chanzo chake wangefika Ziwa Kivu, mahali ulipo sasa mji wa Bukavu. Katika milima ile Wabelgiji walipanda mikwinini kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mti ulikuwa umehama mbali. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipeleka London mbegu bora zilizokusanywa na mtumishi wake Manuel Incra Mamani, Mhindi wa Bolivia. Serikali yake haikuzitaka, Waholanzi wakanunua kidogo tu na kuzipanda Java, na magome yake yakatoa kwinini zaidi ya asilimia kumi ya uzito. Ifikapo miaka ya 1930 Java ilikuwa na karibu soko lote la dunia. Japani ilipoitwaa mwaka 1942, Kivu ikawa na thamani ambayo haikuwa nayo juzi yake. Kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kimeendelea kwa miongo mingi kununua magome ya mkulima na kutoa chumvi za kwinini, kwa hatua zilezile za chokaa na tindikali. Tanzania nayo ina yake: Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walikuwa na mikwinini, na katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Lettow-Vorbeck, lililozingirwa lisipate meli, lilikunywa maji ya magome yaliyochemshwa, machungu kiasi cha askari kuyapa jina la kilevi cha jemadari wao.

Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji mwisho wa Desemba wakaenda Unyanyembe, na tarehe 14 Machi 1872 wakaagana. Stanley alimsihi arudi nyumbani apumzike. Mzee akakataa. Alingoja hadi Agosti wapagazi waliotumwa kutoka pwani wafike, akaondoka tarehe 25 kuelekea kusini, Ziwa Bangweulu, safari hii akiwa na dawa.

Hazikumfaa. Ugonjwa wake sasa ulikuwa wa tumbo na kutokwa damu nyingi, na kwinini si dawa ya hilo. Mvua za 1873 ziligeuza nchi yote kuwa kinamasi. Walimbeba kwa machela hadi kijiji cha Chitambo. Usiku wa mwisho alimwita Susi, akaomba maji ya moto na sanduku la dawa. Susi alishika mshumaa karibu na uso wake, kwa sababu macho yalikuwa hayaoni tena vizuri, naye kwa shida akaichagua chupa ya kalomeli. Akamwambia aiweke karibu, amwage maji kidogo katika kikombe, kisha aende. Alfajiri ya tarehe 1 Mei walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso ndani ya mikono, amekufa.

Farijala, mmoja wa wapagazi, aliwahi kumtumikia daktari huko Zanzibar na kuona jinsi maiti inavyopasuliwa. Yeye ndiye aliyeupasua mwili. Wakakuta bonge kubwa la damu. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga jina. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani majuma mawili, wakaufunga katika kaniki na ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, wakalishonea turubai na kulipaka lami. Wakaubeba hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakaufikisha pwani Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ulizikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma walichelewa kupelekwa Uingereza, hawakuwapo mazishini. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, na Susi huko huko mwaka 1891.

Jiwe la Mugere bado lina majina mawili. La mtemi Mukamba, aliyewapa nyumba na ng'ombe wakati mgeni wake mmoja anaugua, halimo.